Kitunguu Saumu kwa Sato wa Edmonton

Tulitoka Mwanza kwa basi kabla jua halijachomoza, mimi na mke wangu, tukafika Dar es Salaam miguu imevimba. Tulilala kwa shemeji yangu siku mbili, kisha tukapanda ndege hadi Addis Ababa. Pale ndege ya pili ilichelewa, tukakaa karibu mchana mzima kwenye viti vya chuma huku mke wangu akilalia begi na mimi nikitembea kutoka dirisha moja hadi jingine. Mimi siwezi kukaa. Nimehama sana maishani: Ukerewe, Musoma, Jinja, Kisumu, kisha Mwanza tena, na kila mahali nikifika huanza kukumbuka nilikotoka. Hata pale Addis, kabla sijaiona London, nilikuwa nimeshaanza kuikumbuka harufu ya mwalo wa Kirumba, wanakoshushia samaki.

Mke wangu alikuwa amepata kazi ya kuhudumia wazee Edmonton, kaskazini mwa London. Mimi nilikuja kama mume wa mwenye kibali. Watoto wetu wawili tuliwaacha kwa mama mkwe, kwa maelewano kwamba ama tungewafuata ama tungewarudia.

Ndani ya sanduku langu kulikuwa na dagaa, unga wa muhogo, na mfuko wa dawa. Mtu wa kwetu hasafiri bila dawa. Unachukua za malaria, za tumbo, za mafua, unachukua hata za ugonjwa ambao hujawahi kuugua, kwa kuwa huko uendako hujui utapewa nini. Lakini mimi nilibeba na kitu kingine, kopo la maziwa ya unga lenye dawa ya kuku ya rangi ya njano. Ile ni antibiotiki. Inauzwa kwa kijiko kwenye maduka ya pembejeo, na katika miaka yote niliyofanya kazi kwenye vizimba vya samaki ziwani, sikumjua mfugaji ambaye hakuwa na kopo kama lile. Samaki wakionekana wazito, konzi moja kwenye chakula. Mvua ikichafua maji, konzi moja. Hatukusema wanaumwa. Tulisema tunawachangamsha.

Kwa nini nililibeba, sikujua wakati ule na sijui sawasawa hata leo. Kazi niliyoijua ilikuwa samaki, na kopo lile lilikuwa sehemu ya kazi, kama fundi anavyobeba rula yake hata akienda mahali asikojua kama atapata ubao.

Miezi ya kwanza nilipanga maboksi kwenye ghala. Kazi hiyo sina la kusema juu yake. Siku zangu za mapumziko nilipanda treni kwenda Southall, upande mwingine kabisa wa mji, kwa sababu kule kuna maduka ya Wahindi yanayouza vitu vinavyofanana na vya nyumbani, mihogo, bamia, embe mbichi. Siku moja nilikuwa duka la samaki nikibishana na muuzaji kuhusu sato wa barafu. Nilikuwa namwambia kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne kwamba samaki yule ameganda tangu enzi za babu yake. Nyuma yangu mtu akacheka, akasema kwa Kiswahili, "Hii kijana anasema kweli. Hii ngege imekufa mara mbili."

Ngege ndilo jina la sato kule Kisumu. Nikageuka. Alikuwa mzee wa Kisingasinga, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

Akacheka zaidi. "Kisumu hakuna mtu alinipa shikamoo. Walinipa bei tu. Wewe umetoka wapi?"

"Mwanza."

"Basi tumekunywa maji ya ziwa moja."

Alikuwa amezaliwa Kisumu, akaja London akiwa kijana, akafanya biashara ya vipuri vya magari hadi akastaafu. Na sasa, aliniambia akinishika kiwiko kana kwamba ananipa siri, alikuwa anafuga ngege wake mwenyewe ndani ya ghala. Ghala lenyewe lilikuwa Edmonton, dakika ishirini kwa miguu kutoka chumba chetu. Mtu aliyekuwa akimsaidia alikuwa ameacha. Wiki iliyofuata nilianza kazi.

Lilikuwa ghala la kawaida la mabati, nje kuna baridi na lori za mizigo, ndani kuna joto la mwezi wa Februari kule kwetu. Matangi manne makubwa ya mviringo, na ndani yake sato. Siku ya kwanza nilisimama nikawasikiliza wakimeza chakula juu ya maji, mlio ule mdogo wa midomo.

Mzee alinizungusha akanionyesha kila kitu. Kilichonishangaza ni maji. Kule ziwani maji huja na kwenda. Ukikosea leo, kesho maji ni mengine. Hapa maji yalikuwa yale yale. Yalitoka kwenye matangi, yakapita kwenye chujio lenye umbo la ngoma lililochuja kinyesi, yakaingia kwenye pipa lililojaa vipande vidogo vya plastiki vinavyocheza, kisha yakapashwa moto na kurudi kwa samaki. Kwenye vile vipande, mzee alisema, wanaishi bakteria wanaokula uchafu ambao macho hayauoni.

"Hawa ndio wafanyakazi wangu wa kweli," akasema, akigonga pipa. "Hawaombi likizo. Wewe uko namba mbili."

Nilimsikia vizuri. Hiyo ndiyo sehemu ambayo bado inaniuma, kwamba nilimsikia vizuri.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, nilikuta samaki katika tangi la tatu wamebadilika. Baadhi walikuwa weusi kuliko kawaida. Wawili walikuwa wakiogelea kwa kuzunguka kama mtu aliyelewa, na mmoja jicho limemtoka. Nilimpigia mzee, naye akampigia daktari wa mifugo anayeshughulika na samaki. Daktari alikuwa mbali, angefika baada ya siku mbili. Mzee akasema tusubiri.

Sikuweza kusubiri. Nilikwenda nyumbani wakati wa chakula cha mchana, nikafungua sanduku, nikatoa kopo. Nilichanganya unga wa njano kwenye chakula cha tangi la tatu, kisha, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea, nikaweka kidogo na kwenye mengine matatu. Chakula kingine hakikuliwa. Kililowa, unga ukatoka ukaenda na maji. Nilijisikia nimefanya kazi ya mtu mzima. Sikumwambia mtu.

Daktari alipofika, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya mpira na sauti ya chini, samaki wa matangi yote walikuwa juu wakihema. Alipima maji, akapima tena. Amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, ilikuwa imepanda vibaya. Akafungua pipa la plastiki, akanusa, akauliza kama kuna mtu ameweka chochote.

Mzee akasema hapana. Akaniangalia ili nithibitishe.

"Mzee, ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Nimewapa dawa. Ya unga, ya kuku. Nilikuja nayo."

"Ulikuja nayo kutoka wapi?"

"Mwanza."

Aligeuka akalitazama pipa. Maji yalikuwa yakizunguka na sauti ya pampu ilikuwa kubwa. "Umebeba dawa ya kuku," akasema taratibu, "ukapanda basi, ukapanda ndege, ukavuka bahari, ukaleta hapa kuua wafanyakazi yangu." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Daktari alinieleza bila kunikaripia, na nadhani hilo ndilo lililonifanya nisikie. Dawa ile inaua bakteria. Haiulizi yupi mbaya na yupi anakusafishia maji. Nilikuwa nimewapunguza wale waliokuwa kwenye pipa, na maji yasiyo na mahali pa kwenda yakawarudishia samaki uchafu wao wenyewe. Tena, alisema, kuna dawa halali ambayo yeye mwenyewe angeweza kuiandika baada ya kupima ugonjwa. Lakini hata hiyo ukiizoea, ukiitoa kila mara, bakteria wabaya wanajifunza kuishi nayo, na siku unayoihitaji kweli haifanyi kitu, kwa samaki wala kwa mtu. Nikafikiria konzi zote nilizorusha kwenye maji ya ziwa ambayo watu wanachota na kunywa. Hesabu yake siijui.

Samaki wote waliondolewa. Hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kuuzwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyewatoa kwa wavu, tangi baada ya tangi, na mzee alikaa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na mlango hadi nilipomaliza.

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alisema anafunga. Mkewe alikuwa amemwambia tangu mwanzo kwamba mtu wa umri wake anapaswa kukaa na wajukuu. Nilimwomba anipe kundi moja tu la vifaranga. Kama hawatafika sahani bila dawa, afunge, na mimi nitafungua mabomba ya matangi kwa mkono wangu.

"Na kama wataugua?"

"Tutajua kabla hawajaugua."

"Hiyo ni maneno," akasema. Lakini siku tatu baadaye alinipigia simu akaniambia nije Southall, mkewe anataka kuniona.

Nyumbani, kwa upande wa mke wangu, mambo hayakuwa mepesi zaidi. Nasema nyumbani, kilikuwa chumba kimoja na jiko la kushirikiana. Kazi ya kuinua wazee ilikuwa imemharibu mgongo. Alikuwa anarudi, anavua viatu, anajinyoosha sakafuni kimya. Watoto walikuwa wamekua kwenye simu. Mdogo alikuwa ameota meno mapya mbele bila sisi kuyaona yakitoka.

"Mimi mwaka ujao katikati narudi," aliniambia. "Mkataba unaisha, na mimi nimeisha. Wewe je, baba watoto?"

"Narudi na wewe. Lakini siwezi kuondoka nimemwachia yule mzee matangi matupu."

"Kumbe mgongo wangu unasubiri samaki wakue."

"Wataiva mwezi wa sita."

"Wasipoiva?"

Alinitazama kutoka pale sakafuni, akasema, "Basi wape chakula vizuri, maana mimi tiketi nanunua ya mwezi wa saba."

Daktari alikuwa amempa mzee orodha fupi ya mambo. Samaki wachache zaidi kwa kila tangi. Chakula kidogo kidogo, mara nyingi. Maji yapimwe kila asubuhi na kuandikwa. Mwisho kabisa alitaja vitu vya asili vya kuchanganya kwenye chakula, ambavyo wafugaji sehemu nyingi wamevijaribu ili samaki wawe na nguvu ya kupigana wenyewe: mimea fulani, bakteria wema wa tumbo, kitunguu saumu. Aliongeza kwamba haahidi kitu, na kwamba mambo hayo ni ya kukinga, siyo ya kumfufua aliyekwisha kulala ubavu. Mzee alikuwa amesikia neno moja tu. Mkewe, aliyezaliwa Nakuru, alimlisha kitunguu saumu majira yote ya baridi, na mzee alikuwa hajapata mafua tangu sijui lini.

Mama yule alinikalisha jikoni kwao Southall, na beseni la vitunguu saumu mbele yangu. Alinitazama nikimenya. "Hapana, hapana," akasema. "Wewe unamenya kama mtu anavua soksi." Akanionyesha kuvigonga kwa ubapa wa kisu ili ganda liachie. Nilipotaka kuvichemsha, jinsi mama yangu alivyokuwa akifanya kwa chai ya kifua, alinizuia mkono.

"Ukipika, nguvu yake imekwenda. Ponda, halafu wacha ikae. Kama dakika kumi. Itakuambia yenyewe."

"Itaniambiaje?"

"Macho yako yatalia."

Ndivyo tulivyoanza. Wakati pipa lile likiota bakteria wapya, kazi iliyochukua wiki nyingi za kungoja na kupima maji matupu, mimi nilikuwa najifunza kuchanganya chakula. Mara ya kwanza niliweka kitunguu kingi. Punje za chakula zikalainika, zikamomonyoka kabla hazijafika majini. Mara ya pili niliweka maji mengi. Daktari alinisaidia kwa kipimo, na mama wa Southall alinisaidia kwa kitambaa chake cha kuchujia paneer, ile jibini ya Kihindi. Mwishowe utaratibu ukawa huu: kuponda, kuacha, kukamua kwenye kitambaa, kunyunyiza juu ya punje huku ukizigeuza kwa mikono, kuzianika kivulini kwenye trei, kisha kuzipaka mafuta kidogo ili ladha isitoroke kwenye maji. Pamoja na hayo tulinunua ule unga wa bakteria wema, ambao haukuwa na harufu wala rangi, na mimi kwa kuwa siamini kitu kisicho na harufu nilikuwa nauweka kwa heshima ya daktari tu.

Vifaranga walikuja mwezi wa kumi, kwenye mifuko iliyojazwa hewa, wadogo kama kucha ya kidole gumba. Mzee aliamua wawekwe kwenye matangi mawili. Moja lipewe chakula cha kitunguu, jingine chakula kitupu.

"Kwa nini tusiwape wote?" nikamwuliza.

"Kwa sababu nataka kujua. Mimi nimeuza vipuri maisha yangu yote. Mtu akibadilisha vitu vinne mara moja na gari ikawaka, hajui ni kipi kilikuwa kimekufa."

Harufu ilinishika. Iliingia kwenye kucha, kwenye koti, kwenye kofia ya sufu. Kwenye basi nilikuwa napata kiti cha watu wawili peke yangu. Mke wangu aliniambia nining'inize nguo zangu dirishani. "Wenzangu kazini wananiuliza kama mume wangu ni mpishi," akasema. "Nimewaambia ndiyo, ila wateja wake hawalipi, na hawana shingo."

Vifaranga walikua. Kwa wiki kadhaa sikuona tofauti yoyote kati ya tangi na tangi, na nilipomweleza mzee aliniambia niandike hivyo hivyo, kwamba hakuna tofauti. Nikaandika.

Mwezi wa kwanza, katikati ya baridi, nilifungua mlango wa ghala asubuhi nikapokelewa na ukimya. Umeme ulikuwa umekatika upande ule wa barabara. Pampu ya akiba ya hewa ilikuwa inafanya kazi, lakini hita zilikuwa zimezima, na sijui kwa muda gani. Niliweka mkono majini. Yalikuwa baridi kama maji ya mtungi. Samaki wote walikuwa wamekaa chini, hawasogei.

Umeme ulirudi kabla ya saa sita mchana. Lakini mimi nilijua, na mzee alijua, kwamba hatari haikuwa siku ile. Samaki akipigwa na baridi haugui siku hiyo hiyo. Anadhoofika, na ugonjwa unaokuwa umejibanza mahali unasubiri siku mbili tatu, ndipo unaingia. Tuliwapasha maji pole pole ili wasishtuke. Hawakula siku ile. Siku ya pili wachache walikula.

Siku ya tatu nilimwona mmoja mweusi katika tangi la chakula kitupu. Siku ya nne wakawa kadhaa, na katika tangi la kitunguu mmoja alikuwa anazunguka kwa kile kizunguzungu nilichokifahamu. Nikawatoa wagonjwa wote haraka. Daktari alikuja siku hiyo hiyo, akachukua vipimo, akasema majibu yatapatikana Ijumaa. Aliandaa kila kitu. Kama vifo vitaendelea hadi Ijumaa, ataandika dawa, na matangi yote mawili yatatibiwa inavyotakiwa, kwani kuwaacha samaki wateseke kwa ajili ya maneno yetu si haki. Alikuwa sahihi. Mzee aliitikia kwa kichwa, nami nikajua kwamba dawa ikiandikwa Ijumaa atafunga, maana makubaliano yetu yalikuwa wazi.

Siku zile mbili mzee alikuwa ananipigia karibu kila saa.

"Wamekula?"

"Kidogo."

"Umeweka kitu?"

"Kitunguu tu, mzee."

"Niapie."

"Wallahi ningekuwa Mwislamu ningeapa. Mimi ni Mkatoliki, nakuambia tu. Kitunguu tu."

Nikamsikia akisemezana na mkewe. Kisha, "Mama anasema uongeze?"

"Mwambie asante. Daktari amesema kipimo kibaki kile kile."

Nataka niseme kwamba sikushawishika. Hilo lingekuwa uongo. Kule nyumbani ndani ya sanduku kopo halikuwapo tena, daktari alikuwa amelichukua mwezi wa nane ili liteketezwe, lakini mikono yangu ilikuwa inalitafuta. Kutofanya kitu ni kazi ngumu kwa mtu kama mimi. Nilipima maji mara tano kwa siku. Nilifagia sakafu iliyokwisha kufagiwa. Nilisimama kando ya tangi la kitunguu nikiwatazama samaki wamesimama dhidi ya mkondo, mapezi yakicheza, na sikuweza kujua kama wanapumzika au wanakufa.

Ijumaa asubuhi nilifika kabla ya wote. Nilichukua bakuli la chakula, nikatupa konzi ndogo kwenye tangi la kitunguu. Maji yakapasuka. Walipanda juu wote kwa pamoja, wakanirushia maji hadi usoni, na mlio wa midomo yao ukajaa ghala zima. Nikaenda kwenye lile jingine. Humo walikuwa wamelala wanne chini, wamekufa, lakini waliobaki walipanda pia, polepole zaidi, wakala. Nilikaa kwenye kiti cha mzee. Sijawahi kufurahia kulowa maji ya samaki namna ile.

Daktari alikuja na majibu. Ugonjwa ulikuwa ule ule wa mwezi wa nane. Alitazama matangi kwa muda mrefu akiwa ameinama, mikono mgongoni, akasema hakuna haja ya kuandika dawa. Mzee akamwuliza kama basi ni kitunguu. Daktari akasema huenda kimesaidia, kwa kuwa tangi lenye kitunguu limepoteza mmoja tu. Lakini safari hii samaki ni wachache, maji ni safi, waliougua waliondolewa mapema, na matangi mawili hayatoshi kuthibitisha jambo. Mzee alinitafsiria kwa ufupi wake: "Anasema ndiyo, lakini hataki nimwambie mama."

Kuanzia siku ile matangi yote mawili yakala kitunguu.

Mwezi wa sita wakavuliwa. Daktari alikuwa amepeleka wachache maabara kabla, na karatasi ikarudi safi, hakuna chembe ya dawa. Wateja wa kwanza walikuwa watu wa pale pale Edmonton, Wakongo, Waganda, na mama mmoja wa Kizanzibari aliyekuja kwa mabasi mawili na binti yake wa miaka kumi na kitu. Mama alimkagua sato matamvua, akambonyeza tumbo.

"Hebu niambie kweli, kaka yangu. Huyu kalishwa nini?"

"Punje za kawaida, mama, na kitunguu saumu."

"Kitunguu saumu?"

"Kila siku ya maisha yake."

Akamgeukia binti yake. "Unasikia? Samaki anakula thomu, wewe hutaki." Binti akajibu kitu kwa Kiingereza, na mama akaniambia, "Anasema samaki hakuulizwa." Akachukua sita. Mimi nilibaki nimeshika mfuko mtupu, nikitabasamu peke yangu kama mjinga, kwa sababu aliniuliza swali na nilikuwa na jibu.

Tuliondoka mwezi wa saba. Mzee alikataa tupande treni na mizigo; alikuja na gari lake mwenyewe, mkewe kiti cha mbele. Kabla ya uwanja wa ndege tulipitia ghalani. Vifaranga wengine walikuwa wamefika wiki iliyopita, matangi yote manne sasa, na mtu mpya, fundi bomba mstaafu wa kutoka Jinja, alikuwa anamenya vitunguu kando ya trei za chakula. Mama aliingia akamtazama anavyomenya, akaweka mkoba wake chini na kuvua bangili. Tukamngoja.

"Tutachelewa ndege," mke wangu akaninong'oneza.

"Mwache. Hatuwezi kumtoa."

Njiani mke wangu alilala akiwa ameegemeza kichwa kwenye dirisha, mdomo wazi, mgongo umenyooka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Mzee alikuwa ananiambia juu ya hita mpya. Aliniuliza nitafanya nini Mwanza. Nikamwambia nina rafiki mwenye vizimba viwili ambaye bado anawachangamsha samaki wake kwa konzi, na kwamba nitaanza na huyo, ingawa atanicheka.

"Atakucheka mwaka mmoja," mzee akasema. "Mimi nilitaka nikupige, na sasa nabeba sanduku lako."

Nimeondoka sehemu nyingi. Jinja niliondoka bila kuaga. Kisumu niliondoka baada ya ugomvi, na Musoma niliondoka kabla hawajagundua kwamba nusu ya vifaranga wamekufa chini ya uangalizi wangu. Kila mara nilikuwa naenda huku sehemu ya mwili wangu imegeuka nyuma, ikisubiri kuitwa. Pale uwanjani tulisukuma mizigo hadi kwenye foleni. Mzee na mama walisimama upande wa pili wa kamba, yeye na kilemba chake cha buluu, mama akitupungia mkono ambao bado haukuwa na bangili. Mke wangu aliniuliza kama nimeacha kitu. Nilifikiria kwa uaminifu, mfukoni, kwenye chumba, ghalani, kila mahali.

"Hapana," nikamwambia, na foleni ikasogea.